Mwanga huifunga milango ya seli za jicho, hauifungui

Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu zimefanya kazi kubwa ya kuelimisha watu kuhusu macho: presha ya jicho, mtoto wa jicho, namna kisukari kinavyoharibu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kazi hiyo iendelee. Ila maelezo yanapofika kwenye retina yenyewe, kuna jambo linalorudiwa mara kwa mara ambalo si kweli. Tunaambiwa kwamba mwanga ukiigusa seli ya retina, milango ya ioni ya seli hiyo, yaani vitundu vya protini vinavyopitisha chembe zenye chaji, hufunguka, chaji huingia, na seli huamka ikatuma ujumbe kwenye ubongo. Hivyo ndivyo zinavyofanya seli nyingi za neva. Seli zinazopokea mwanga machoni mwa binadamu hufanya kinyume chake. Gizani milango iko wazi, na mwanga ndio unaoifunga.

Anayelikosea hili hawezi kumweleza msomaji kwa nini mtoto aliyepungukiwa vitamini A hujikwaa jua likizama, kwa nini kuna watoto wanaokimbia jua na hawaijui rangi hata moja, wala kwa nini kidonge cha nguvu za kiume humfanya mtu aone ukuta mweupe una rangi ya bluu. Yote matatu yanatokana na milango ileile.

Tuanze na giza. Retina ina seli za kupokea mwanga za aina mbili kuu: fito, zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 90 na 120 katika kila jicho, ambazo hutuonyesha njia usiku, na koni, milioni 4 hadi 6 hivi, ambazo hufanya kazi mchana na kutuonyesha rangi. Sehemu ya nje ya ufito imejaa visahani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, mamia kwa mamia, vilivyosheheni protini iitwayo rodopsini. Utando unaoufunika mrundo huo ndio wenye milango ya ioni. Gizani ni asilimia chache tu ya milango hiyo iliyo wazi, lakini inatosha: sodiamu na kalsiamu huingia mfululizo, na pampu zilizo upande wa ndani wa seli huitoa sodiamu usiku kucha. Volti ya utando hubaki kwenye milivolti -40 hivi, na huku mwisho, seli inapokutana na jirani yake, kemikali ya glutamati hutolewa bila kukoma. Mwanga ukija, milango hufungwa, volti hushuka kuelekea -65 au -70, na glutamati hupungua. Kupungua huko ndiko ujumbe wenyewe. Ni kazi ya gharama: ufito mmoja wa panya hutumia takriban molekuli milioni 100 za ATP, ambayo ndiyo nishati ya seli, kila sekunde gizani, na matumizi hayo hushuka kwa zaidi ya robo tatu kwenye mwanga mkali. Ufito hupumzika mchana, si usiku.

Si habari mpya. Mwaka 1965 Mjapani Tsuneo Tomita alipima koni za samaki aina ya kapu na kuona volti ikishuka kila anapozimulika. Mwaka 1970 Hagins, Penn na Yoshikami wa Marekani wakaupima mkondo unaoingia kwenye fito za panya gizani na kuonyesha kwamba mwanga unauzima. Kilichobaki kwa miaka 15 iliyofuata ni swali la nani anaishika milango. Kundi moja lilisema kalsiamu: mwanga huiachilia ndani ya seli, nayo huenda ikaiziba milango. Kundi la pili lilisema ni molekuli ndogo ya cGMP.

Jaribio lililomaliza ubishi lilifanyika Pushchino, katika Muungano wa Kisovieti, na kuchapishwa mwaka 1985 na Fesenko na wenzake. Walichukua bomba la kioo lenye ncha nyembamba kuliko seli, wakaigusisha kwenye utando wa ufito wa chura, wakavuta hewa kidogo mpaka utando ukashikamana na kioo barabara, kisha wakaliondoa bomba ghafla. Kipande kidogo cha utando kikabaki kwenye ncha, uso wake wa ndani ukitazama nje, kwenye maji ya maabara. Seli yenyewe haikuwepo tena: hakuna rodopsini iliyohusika, hakuna ATP, hakuna kimeng'enya. Walipoongeza cGMP kwenye maji, mkondo ulipita. Walipoisafisha, ukakatika. Kalsiamu haikuweza kuifungua wala kuifunga milango namna hiyo. Mwaka huohuo Yau na Nakatani wakaonyesha kwamba mwanga hauongezi kalsiamu ndani ya ufito, bali huipunguza. Kwa hiyo mwenye ufunguo ni cGMP. Kalsiamu ina kazi nyingine, nami nitaifikia, maana ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Kwanza mlango wenyewe. Umeundwa kwa vipande vinne vya protini. Katika fito, vitatu ni CNGA1 na kimoja ni CNGB1. Kila kipande kina mahali pa kuishikia cGMP, na mlango hufunguka vizuri pale kadhaa zinaposhikwa pamoja. Matokeo yake ni makubwa. Kwa viwango vidogo vilivyomo ndani ya seli hai, uwazi wa milango hufuata takriban kipeo cha tatu cha kiasi cha cGMP. Hivyo cGMP ikipungua kwa nusu, milango iliyo wazi haipungui kwa nusu. Hubaki kama moja ya nane ya awali. Tena milango hii haichoki. Ilimradi cGMP ipo, inabaki wazi saa nzima, usiku mzima, tofauti na milango mingi ya neva ambayo hujifunga yenyewe baada ya muda mfupi.

Sasa mwanga unaingiaje? Fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, hupiga kipande cha vitamini A kilichojikunja ndani ya rodopsini na kukinyoosha. Rodopsini hubadilika umbo na, kabla haijazimwa, huwasha protini nyingi za transdusini, moja baada ya nyingine. Kila transdusini iliyowashwa hukiondolea breki kimeng'enya cha PDE6, na PDE6 ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa mno: hukata cGMP kwa maelfu kila sekunde. cGMP hupungua karibu na visahani, ile iliyoshikwa kwenye milango huachia, milango hufungwa. Fotoni moja hupunguza mkondo wa giza kwa asilimia 3 hadi 5 hivi na kuishusha volti kwa karibu milivolti 1. Kidogo, lakini kinaonekana wazi kwenye kipimo. Baylor, Lamb na Yau walikirekodi mwaka 1979 kwenye fito za chura.

Kuwasha ni rahisi. Kuzima ndiko kwenye utaalamu, na huko ndiko magonjwa mengi yalikojificha. Rodopsini huzimwa kwa kubandikwa fosfeti na kimeng'enya cha GRK1, kisha protini ya arestini huifunika kabisa. GRK1 au arestini ikiwa na kasoro ya kurithi, mtu hupata ugonjwa wa Oguchi, uliotajwa kwanza na daktari wa Kijapani mwaka 1907: baada ya mwanga fito huchukua saa nyingi kurudi kazini. Transdusini nayo huzimwa kwa msaada wa protini ya RGS9. Ikikosekana hiyo, mtu anayetoka ndani kwenda juani hupofuka kwa sekunde kadhaa, na mpira unaopita kwa kasi haoni umepitaje.

Sasa kalsiamu. Huingia kwa milango ileile ya cGMP, na hutolewa na protini ya kubadilishana inayoingiza sodiamu 4 huku ikitoa kalsiamu 1 na potasiamu 1. Protini hiyo haina habari na mwanga. Yenyewe ni kutoa tu. Kwa hiyo milango ikifungwa, kalsiamu haiingii tena ila inaendelea kutoka, na kiwango chake kwenye ufito wa panya hushuka kutoka nanomola 250 hivi hadi karibu 25. Kushuka huko ni amri. Boya la tangi la maji hufanya hivyohivyo: maji yakishuka, boya hushuka nayo na kufungua bomba la kuingiza. Kwenye ufito, boya ni protini ziitwazo GCAP, zilizokaa juu ya kimeng'enya kinachotengeneza cGMP. Kalsiamu ikiwa nyingi, GCAP hukizuia kimeng'enya. Ikishuka, magnesiamu huchukua nafasi yake, kimeng'enya huongeza kasi, cGMP hutengenezwa upya, milango hufunguka tena. Ndiyo maana mwanga ukikaa palepale seli haibaki imefungwa moja kwa moja, bali hujirekebisha na kuwa tayari kuona badiliko linalofuata. Kuna watu waliorithi GCAP ambayo haikisikii tena vizuri kiwango cha kalsiamu. Kimeng'enya chao hutengeneza cGMP hata pasipohitajika, milango hubaki wazi kupita kiasi, kalsiamu hujaa, na koni hufa taratibu.

Kalsiamu ina njia nyingine mbili. Ikiwa nyingi hushikwa na protini ya rekoverini, ambayo huibana GRK1; ikishuka, GRK1 huwa huru na rodopsini huzimwa mapema zaidi. Vilevile, kalsiamu nyingi huiwezesha protini ya kalmodulini kushika kipande cha CNGB1 na kuufanya mlango uwe mgumu kufunguka. Ikishuka, kalmodulini huachia na mlango huridhika na cGMP kidogo. Kwenye fito athari hii ya tatu ni ndogo, na wanaofundisha wasiipe uzito kupita GCAP. Kwenye koni urekebishaji wa mlango wenyewe una nguvu zaidi, na ni sehemu ya sababu ya koni kuhimili jua la saa sita.

Zipo pia ishara za kutoka nje ya seli. Safu ya seli nyeusi iliyo nyuma ya retina hutoa kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF-1, ambayo husababisha fosfeti iliyobandikwa kwenye mlango wa ufito iondolewe. Mlango usio na fosfeti hiyo hushika cGMP kwa urahisi zaidi. Kwenye koni za vifaranga vya kuku, milango huishika cGMP kwa wepesi usiku kuliko mchana, hata vifaranga vikiwekwa gizani muda wote, kwa sababu saa ya mwili huendesha vimeng'enya vinavyoirekebisha. Vitamini A iliyokwisha nyooshwa na mwanga nayo, kabla haijasafishwa, huweza kuizuia milango. Yaani mlango mmoja unapokea maagizo kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na cGMP ndiyo yenye neno la mwisho.

Niende kwenye mambo ya nyumbani na zahanati.

Vitamini A. Bila kipande chake ndani ya rodopsini, fotoni haina cha kupiga. Kibaya zaidi, protini iliyobaki tupu huwasha transdusini kidogokidogo hata gizani, kwa hiyo ufito haupungukiwi tu na uwezo wa kupokea mwanga, hujiona kana kwamba umemulikwa. Mtoto wa namna hiyo mchana anacheza vizuri; magharibi anaishia kukaa karibu na mama yake au kujigonga kwenye viti. Mzazi aulizwe hilo, na mhudumu atazame weupe wa jicho kama una madoa yenye povu. Matone ya kinga hutolewa kila baada ya miezi 6: yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, kidonge cha bluu, yuniti 200,000 kwa wa miezi 12 hadi 59, kidonge chekundu. Mtoto aliyekwisha kuonyesha dalili hupewa dozi ya umri wake siku ya kwanza, siku ya pili, na tena baada ya wiki 2 au zaidi. Dozi hizo kubwa asipewe mjamzito, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kuhusu karoti: humsaidia aliyepungukiwa, hasa zikipikwa na mafuta. Asiyepungukiwa hata akila kilo nzima macho yake hayataongezeka makali, na makala zinazoahidi hivyo zinawapotezea watu pesa.

Watoto wasioona rangi. Koni zina milango yake, CNGA3 na CNGB3. Mtoto aliyerithi kasoro ya mojawapo kutoka kwa baba na mama ana koni zisizoitika mwanga. Anaona kwa fito peke yake. Mahali panapojulikana zaidi ni kisiwa cha Pingelap huko Micronesia, ambako dhoruba ya karne ya 18 iliacha watu wachache hai na kasoro ya CNGB3 ikaenea kwa vizazi vyao. Lakini wapo kila nchi, takriban mmoja kwa kila watu 30,000 hadi 40,000. Dalili ni macho yanayotikisika tangu miezi ya kwanza, kukunja uso kwenye mwanga, uoni hafifu wa mbali, na kutotofautisha rangi kabisa. Huku kwetu mtoto mwenye macho ya kutikisika na anayekimbia jua hudhaniwa mara moja kuwa na ualbino wa macho. Vipimo vya umeme wa retina huitenga hali moja na nyingine: kwa asiyeona rangi, fito huitika karibu kawaida na koni haziitiki. Miwani ya kioo chekundu kilichokolea humsaidia sana, kwa kuwa fito haziuoni vizuri mwanga mwekundu na hivyo hazielemewi. Darasani akae mbele, mgongo kwa dirisha, na asipewe mtihani wa ramani unaotegemea rangi.

Mwisho ni vidonge vya nguvu za kiume, na hapa naomba gazeti lisione haya. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye vidonge hivyo, imetengenezwa kuzuia kimeng'enya cha PDE5 kwenye mishipa ya damu. PDE6 ya retina ni ndugu yake wa karibu, na dawa hiyo huizuia pia, ingawa kwa nguvu pungufu mara 10 hivi. PDE6 ikizuiwa, cGMP haikatwi kwa kasi yake ya kawaida, na milango huchelewa kuitika mwanga. Mtu huona ubluu, taa zinamchoma, au vitu vina ukungu. Huanza dawa inapofika kileleni kwenye damu, saa moja au mbili baada ya kumeza, na huisha kwa saa chache. Malalamiko huongezeka pamoja na dozi, hasa kuanzia miligramu 100. Tadalafili, dawa nyingine ya kundi hilo, huigusa PDE6 kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo ubluu huo ni nadra kwa anayeitumia. Mwenye ugonjwa wa retina wa kurithi, hasa ule unaoanza na kutoona usiku na kufinyika kwa uoni wa pembeni, asimeze sildenafili kabla ya kumwona daktari wa macho, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hao tayari wana PDE6 yenye kasoro. Anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua asiiguse kabisa. Presha yake inaweza kuanguka ghafla. Na ikitokea jicho moja likapoteza uoni ghafla, hilo si la PDE6 wala si la kusubiri lipite: aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo.

Unga na vidonge vinavyouzwa mitaani kama mitishamba ya nguvu za kiume huandikwa kuwa havina kemikali yoyote. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata bidhaa za aina hiyo mara nyingi zikiwa zimechanganywa na sildenafili, kwa dozi asiyoijua muuzaji wala mnunuzi. Mtu akimeza unga wa mizizi na baada ya saa moja kila taa ikawa na ubluu, PDE6 yake imemwambia kitu ambacho lebo haikumwambia. Asirudie. Ahifadhi pakiti na unga uliobaki, aandike saa aliyomeza na kiasi, avipeleke kwa mfamasia au moja kwa moja kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa Tanzania; walioko Kenya wapeleke Bodi ya Famasia na Sumu.

Mwalimu wa Baiolojia,
Morogoro